Somo la Bustani: Gladiola ya Porini, Ua Letu Lisiloogopa Kiangazi



Leo somo letu ni la maua. Tunajua wapo watakaosema, "Maua? Kwani watoto watakula maua?" Swali hilo ni la haki na tutalijibu hapa hapa. Lakini kwanza tuna jambo la kuungama, kwa sababu somo hili limetokana na kosa, na kosa lenyewe tulilifanya sisi.

KOSA TULILOLIFANYA

Miaka kadhaa iliyopita tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama upande wa Seme. Nyuma ya boma la mwenyekiti wao kuna kilima cha mawe, na siku ile kilikuwa kimejaa maua ya rangi ya chungwa yenye koo la manjano, yamesimama wima kwenye nyasi. Tukashangaa. Tukawaambia akina mama, "Hii hapa ni pesa, na ninyi mnaipita kila siku mkienda kuteka maji!"

Hatukukaa chini kufikiri. Mchuuzi mmoja alipata habari, akaja na magunia, akasema atanunua matunguu ya maua hayo kwa gorogoro. Basi majembe yakatoka. Kwa asubuhi mbili kilima chote kilichimbuliwa. Pesa zilipogawanywa, kila mama alipata za kununua sukari na mafuta ya taa, basi. Mchuuzi hakurudi tena.

Mwaka uliofuata mvua ya chwiri iliponyesha, kilima kilitoa nyasi tu. Nyanya mmoja wa boma lile alituuliza kwa upole, "Maua yale ndiyo yaliyokuwa yakituambia mvua imeshika. Sasa nani atatuambia?" Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana tumejifunza, na ndiyo maana tunawaandikia.

UA LENYEWE NI LIPI

Wataalamu wanaliita Gladiolus dalenii. Neno gladiolus ni la Kilatini na maana yake ni upanga mdogo, kwa sababu majani yake ni marefu, yamebanana na yana ncha kali kama upanga. Sisi tutaliita gladiola ya porini. Waulizeni wazee wenu jina la nyumbani, maana wao ndio waliolijua kabla ya kitabu chochote.

Mmea hufika kiunoni, mara nyingine kifuani. Shina moja hubeba maua kadhaa yaliyopangwa kwa mstari, na hufunguka moja baada ya jingine kutoka chini kwenda juu. Kila ua limejikunja juu kama mtu aliyejifunika kofia ya mvua. Ndege mdogo aitwaye chozi, mwenye mdomo mrefu uliopinda, hupenda sana kunywa asali yake, na akitoka amebeba chavua kichwani. Ndivyo ua linavyozaa mbegu.

Gladiola hii ni ya Afrika kweli kweli. Inaota tangu Afrika Kusini hadi Ethiopia, magharibi hadi Senegali, na pia Madagaska na pembe ya Uarabuni. Inapenda penye nyasi, penye mawe na kwenye vichaka vyepesi.

Duniani kuna aina zaidi ya 250 za gladiola, na nyingi ni za bara letu. Hapa Kenya iko nyingine nyekundu inayoota juu kabisa Mlima Kenya, lakini hiyo imezoea baridi, msihangaike nayo huku ziwani. Iko pia nyeupe yenye harufu nzuri inayopenda nchi kavu yenye mawe. Sisi wa pwani ya Ziwa Victoria, tulio kwenye mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, tuanze na hii ya rangi ya chungwa.

Tena kuna jambo linalochekesha na kuumiza. Wale gladiola wakubwa wa madukani, wanaopambwa kwenye harusi za mjini, ni wajukuu wa ua hili. Wazungu walichukua matunguu kutoka Afrika, wakayachanganya na mengine, na mwaka 1841 mkulima Louis van Houtte wa mji wa Ghent, Ubelgiji, akaanza kuuza gladiola mpya iliyotokana na mchanganyiko huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 aina ya manjano ya ua hili hili ilichukuliwa karibu na maporomoko ya Victoria, ikapelekwa Uingereza, na watoto wake wakaenea duniani. Leo tunauziwa matunguu ya mjukuu kwa bei kubwa, na babu yake tunamchimbua na kumtupa.

KWA NINI HALIOGOPI KIANGAZI

Siri iko chini ya udongo. Gladiola ina tunguu, yaani shina nene lililojaa chakula, kama nduma. Mvua ikiisha, majani hukauka na mtu husema mmea umekufa. Kumbe umelala tu. Tunguu linangoja. Mvua ikishika, linachipua.

Kila msimu tunguu jipya hukua juu ya lile la zamani, na la zamani hunywea kama mfuko mtupu. Pembeni mwake huzaliwa matunguu madogo madogo, mengine kama punje ya njugu, mengine kama mtama. Hao ndio watoto. Mkiwaelewa watoto hawa, hamtahitaji kuchimbua kilima chochote.

Waswahili husema akiba haiozi. Lakini akiba hii ya gladiola huoza, na huoza upesi, ikikaa kwenye maji. Ua hili halimwogopi jua, linaogopa matope.

KUPATA MBEGU BILA KUHARIBU

Hapa ndipo tulipokosea, kwa hiyo someni polepole.

1. Anzeni na mbegu. Maua yakinyauka, vifuko vya kijani hubaki kwenye shina. Ngojeni vikauke na kuanza kupasuka. Ndani kuna mbegu nyingi za rangi ya kahawia, kila moja na bawa jembamba kama karatasi. Funikeni kifuko kwa kitambaa chepesi kabla hakijapasuka, la sivyo upepo utawatangulia.

2. Msichukue mbegu zote. Penye mimea 10, chukueni za mimea 3 tu. Zinazobaki ni za kilima.

3. Kama shamba linalimwa au barabara inapita, na mimea itakufa hata hivyo, hapo ng'oeni matunguu yote na kuyaokoa. Hiyo si pupa, ni uokoaji.

4. Kwa jirani ombeni ruhusa kwanza. Kwenye msitu wa serikali msichimbe mmea wowote bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu. Kuna sheria ya misitu ya mwaka 2016, na kutojua sheria si kinga.

5. Mkipata matunguu, panguseni yale madogo na kuyatunza. Kila moja ni mmea wa kesho.

MAHALI NA UDONGO

Chagueni mahali penye jua la kutosha, angalau nusu siku. Chini ya mwembe mkubwa ua halitatoka vizuri, majani yatarefuka na kuanguka.

Sasa tuwaambie kosa letu la pili. Baada ya aibu ya Seme, tulipewa matunguu 40 yaliyookolewa kwenye shamba lililokuwa likilimwa. Tukayapanda kwenye kipande cha mfano huko Kano, kwenye ule udongo mweusi mnaoujua, ambao wakati wa mvua unavua mtu viatu. Tulilima tambarare, tukamwaga samadi mbichi kwa wingi tukidhani ni upendo. Mvua ikaja, maji yakasimama siku 4. Tulipochimba tulikuta uji unaonuka. Katika matunguu 40 tulibaki na 6.

Basi ninyi fanyeni hivi:

Kwenye udongo mweusi, inueni tuta la sentimita 30 kutoka usawa wa ardhi, na changanyeni karai moja la mchanga kwa makarai mawili ya udongo. Chimbeni mfereji wa kuondoa maji pembeni. Kwenye udongo mwekundu au wa mawe, kama upande wa Maseno, tuta dogo linatosha.

Mbolea iwe iliyooza kabisa, yenye harufu ya udongo na si ya zizi. Karai moja kwa tuta la mita 2 linatosha. Ua la mlimani halijazoea karamu. Mkilishibisha sana, litatoa majani mengi na maua machache.

Wale walio karibu na maji wanaweza kutumia magugu maji, yale yanayotuziba kwenye Ghuba ya Winam. Yaanikeni juani hadi yanyauke, yapangeni tabaka kwa tabaka na samadi na majivu kidogo, mgeuze kila wiki 2 au 3, na baada ya miezi 3 hivi mtakuwa na mboji nzuri. Ila angalizo: msiingie majini miguu mitupu kuyavuna. Konokono wa kichocho hukaa humo, na nyoka pia. Vaeni buti, na chukueni yale yaliyosukumwa ufukoni na mawimbi.

KUPANDA MATUNGUU

Pandeni mvua inapokaribia: mwezi wa Machi kabla ya chwiri, au mwanzo wa mvua ya opon. Tunguu likiwa ardhini kabla ya mvua, litachagua siku yake lenyewe.

1. Chagueni matunguu magumu. Lililo laini au lenye madoa meusi yanayobonyea, lichomeni moto.

2. Chimbeni mashimo ya kina cha sentimita 8 hadi 10. Kwenye udongo mzito yawe mafupi kidogo, kwenye mchanga yawe marefu kidogo.

3. Achaneni sentimita 15 kati ya tunguu na tunguu.

4. Wekeni gumba la mchanga chini ya kila tunguu ili maji yasikae hapo.

5. Tunguu likae upande wa chipukizi ukitazama juu. Fukieni na kushindilia kwa mkono, si kwa mguu.

6. Matunguu madogo yapandeni mahali pake, kina cha sentimita 3 hadi 5, kama mnavyopanda vitunguu. Hayo yatatoa jani tu msimu wa kwanza. Maua ni msimu wa pili au wa tatu.

KUOTESHA MBEGU

Toboeni mashimo chini ya kopo au karai bovu. Jazeni udongo na mchanga nusu kwa nusu. Tawanyeni mbegu, zifunikeni kwa udongo mwembamba tu, kama unene wa punje ya hindi, na kuweka kwenye kivuli chepesi. Nyunyizeni maji polepole kila udongo ukianza kukauka. Baada ya wiki 3 au 4 mtaona majani membamba kama ya nyasi. Msiyang'oe mkidhani ni magugu! Mama mmoja aliajiri kijana kupalilia, kijana akamaliza kazi kwa bidii sana, na kopo likabaki safi.

Iacheni miche humo mwaka mzima. Ikilala wakati wa kiangazi, punguzeni maji lakini msitupe udongo. Matunguu yake ni madogo kama mbaazi. Maua mtayaona kama mwaka wa tatu. Ni muda mrefu, ndiyo. Lakini mwembe nao unachukua muda, na bado tunaupanda.

KULITUNZA

Maji. Mvua ikikatika mmea ukiwa na majani, mwagilieni mara moja au mbili kwa wiki. Majani yakishaanza kukauka yenyewe, acheni kabisa.

Magugu. Palilieni kwa mkono. Jembe hukata matunguu.

Mbuzi na ng'ombe. Hawa ndio adui wa kwanza. Zungusheni ua wa miiba au pandeni ndani ya boma.

Fuko. Anapenda matunguu kuliko mtu apendavyo mandazi. Mkiona vichuguu vya udongo mpya, wekeni mtego mapema. Waliojaribu kupanda ndani ya karai au debe bovu lililotobolewa na kufukiwa ardhini wamemshinda.

Wadudu. Majani yakiwa na michirizi ya rangi ya fedha na maua yakikunjamana bila kufunguka, hao ni wadudu wadogo wembamba sana wanaofyonza. Kateni sehemu mbaya na kuchoma, na msipande gladiola karibu na kitunguu kilichoshambuliwa.

Kutu. Mkiona vipele vya rangi ya chungwa vinavyopita jani kwa upana, huo ni ugonjwa wa kutu. Asili yake ni Afrika, na nchi za ng'ambo zinauogopa sana. Huko Florida, Marekani, uligunduliwa mwaka 2006 na kuwahangaisha wakulima. Ng'oeni majani hayo, yachomeni, na msimpe mtu matunguu ya tuta hilo kabla halijapona.

Kulala. Huku kwetu hakuna barafu, kwa hiyo si lazima kung'oa matunguu kila mwaka. Yaacheni miaka 3, kisha yachimbueni wakati wa kiangazi, yagawanyeni na kupanda upya. Hapo ndipo mtaona mali yenu imezaa.

Jambo moja zaidi. Tunajua wapo wanaotumia tunguu hili kama dawa ya tumbo. Sisi hatuwashauri kulila wala kumpa mtoto. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, na apelekwe zahanati mapema.

KUKATA MAUA

Kateni asubuhi na mapema, wakati ua la chini kabisa linaanza kuonyesha rangi. Yale mengine yatafunguka ndani ya chombo. Tumieni kisu kikali, na acheni angalau majani 4 kwenye mmea, maana hayo ndiyo yanayopika chakula cha tunguu la mwaka ujao. Anayekata majani yote anakula mbegu yake. Wekeni kwenye maji safi mara moja, na kubadilisha maji kila siku.

Penye kila mimea 5, acheni mmoja bila kukata ili uzae mbegu.

JE, KUNA PESA?

Sasa lile swali la watoto na chakula. Tuseme ukweli, maana mara ya kwanza hatukuusema. Tunguu moja kwa kawaida hutoa shina moja la maua kwa msimu. Matunguu 50 ni mashina 50, si zaidi. Huwezi kulipa karo kwa hayo. Atakayewaambia kwamba mtatajirika kama wale wa Naivasha, mwulizeni atanunua kwa bei gani, lini, na aandike kwenye karatasi mbele ya katibu na mweka hazina.

Kwa hiyo msiondoe hata tuta moja la sukuma wiki au la mboga za kienyeji kwa ajili ya ua hili. Lipandeni pale chakula kisipoota: ukingo wa matuta ya kuzuia mmomonyoko, kando ya njia ya kanisa, kati ya mawe, mbele ya nyumba. Likiwa pamoja na nyasi, linasaidia kushika udongo usishuke ziwani.

Faida yake ni hizi. Kwanza, maua ya madhabahu, ya harusi na ya mazishi. Si mnajua jinsi tunavyochanga kununua mashada ya plastiki wakati wa msiba, kisha yanabaki kaburini yakipauka kwa jua? Pili, kuanzia mwaka wa tatu kikundi kinaweza kuuza matunguu madogo na miche kwenye makopo kwa watu wa mjini wanaopenda bustani. Kabla ya kupanga bei, tumeni watu wawili soko la Kibuye waulize wenyewe. Tatu, kilima kinarudishiwa mali yake.

KILIMA CHA SEME

Tumalizie tulipoanzia. Tulirudi kwa akina mama wale kuomba msamaha. Tulipanda nao kilimani, tukatafuta. Kwenye ufa wa jiwe kubwa, mahali ambapo jembe halikuweza kuingia, ilikuwa imebaki mimea 2. Ikachanua. Akina mama wakafunika vifuko kwa vipande vya kitambaa cha leso, wakavuna mbegu, wakazigawa kwa kila nyumba, kila mmoja na kopo lake. Makopo mengine kuku waliyachakura. Mengine yalisahauliwa juani. Lakini mengine yalistahimili, na mwaka wa pili mvua ilipokaribia wakaipeleka miche mikubwa kilimani na kuizungushia mawe ili mbuzi wasiione.

Mwaka wa tatu tuliitwa. Yule nyanya alipanda na fimbo yake, akapumzika mara mbili njiani. Akahesabu kwa kidole mashina yenye maua: 11. Tulidhani atafurahi. Akasema, "Kulikuwa na zaidi ya mia. Endeleeni." Akina mama wanaendelea.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni mmea gani wa porini ambao wazee wetu waliuona kwa wingi, na leo watoto wetu hawaujui? Umekwenda wapi?

2. Je, kikundi chetu kimewahi kuuza kitu kwa haraka kikajuta? Nani aliulizwa kabla ya kuuza, na nani hakuulizwa?

3. Katika maboma yetu, ni sehemu zipi ambazo chakula hakioti lakini ua lingeota?

4. Nani atatunza mbegu za kikundi, na tutajuaje kwamba hazijapotea?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila mwanakikundi atafute na kutoboa kopo moja. Wawili waende na mzee anayejua kilima, waangalie kama gladiola bado iko, na wahesabu tu. Mwezi huu hakuna kuchimba! Katibu aandike hesabu hiyo kwenye daftari la kikundi, pamoja na tarehe, ili mwaka ujao mjue kama kilima kinapata au kinapoteza.

Tuandikieni mtueleze mlichokiona. Na kama mmepata njia nzuri kuliko yetu, semeni wazi. Sisi tumeshakosea mara mbili katika somo hili moja, hatuna maringo.

Mungu abariki bustani zenu.